Sura ya Sita: Kilio Kikishapoa

Septemba 2021, Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya iliwaeleza wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudi Arabia katika kipindi cha miaka miwili hivi. Wengi walikuwa wanawake waliokwenda kufanya kazi za nyumbani. Karatasi zilizotoka huko zilirudiarudia sababu moja: moyo kusimama. Mzazi yeyote aliyewahi kumsindikiza binti yake mzima wa afya hadi uwanja wa ndege alijiuliza swali lilelile: mioyo ya wasichana wadogo namna hii inasimamaje, mmoja baada ya mwingine, katika nchi moja?

Magazeti yaliandika na redio zikapokea simu za wasikilizaji wenye uchungu. Tayari mwezi Julai wizara hiyohiyo ilikuwa imependekeza safari za wafanyakazi wa nyumbani zisitishwe hadi ulinzi upatikane. Kisha nchi ikaingia katika harakati za uchaguzi wa 2022, habari nyingine zikachukua kurasa za mbele, na ndege zikaendelea kuruka. Machi 2025 gazeti la The New York Times liliripoti kwamba Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walikuwa wamefia Saudi Arabia ndani ya miaka mitano.

Kati ya tarakimu ya kwanza na ya pili hapakukosekana hasira. Kilichokosekana ni watu wa kutosha waliobaki na suala hili mkononi baada ya hasira kutulia: wa kuuliza tena Januari, wa kufuatilia barua iliyokwama mezani, wa kuhudhuria kikao cha kamati ambacho hakuna mwandishi wa habari aliyekuja kukiripoti. Utetezi wa sera hufa katika miezi hiyo ya ukimya. Sura hii inahusu namna ya kuivuka.

Ufunguo wa mtu mmoja

Ili kuona kwa nini safari hii ni ndefu, tuanze na kafala, mfumo wa udhamini wa wafanyakazi katika nchi za Ghuba. Chini ya mfumo huu, ruhusa ya mfanyakazi kuwapo nchini imefungwa kwa mwajiri mmoja, yaani kafili. Kafili ndiye aliyeleta viza, ndiye anayeshughulikia iqama, kile kitambulisho cha ukaazi, na mara nyingi ndiye anayeifungia pasipoti kabatini ingawa sheria inakataza. Mfanyakazi wa kiwandani akinyimwa mshahara ana wenzake wa kulalamika nao getini. Wa nyumbani yuko peke yake, analala palepale penye kazi, na mkaguzi wa kazi haingii nyumba ya mtu hivihivi. Akikimbia kipigo, kafili anaweza kumripoti kuwa mtoro, na kuanzia saa hiyo mkosaji ni yeye: anatafutwa, anakamatwa, anarudishwa kwao bila mishahara anayodai. Wakenya wa kule humwita mtu huyo kemboi, kwa jina la bingwa wa mbio za kuruka viunzi na maji.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu Watanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu, baada ya kuzungumza na wanawake 50. Walieleza pasipoti kuchukuliwa, mishahara kuzuiwa au kupunguzwa, na siku za kazi zilizofika hata saa 21. Jambo linaloumiza zaidi kwa Oman ni ujirani wetu. Mjini Muscat zipo familia nyingi zinazosema Kiswahili nyumbani, familia zilizorejea kutoka Zanzibar na mwambao baada ya Mapinduzi ya 1964. Msichana wa Unguja au Tanga anaweza kuingia nyumba ambayo bibi mwenye nyumba anaelewa kila neno analolia. Lugha ya pamoja haikumpa mkataba. Sheria ndiyo ingempa, na sheria ya kazi ya Oman ilikuwa haimtambui.

Sheria hizo zinaweza kubadilika, na zimebadilika. Saudi Arabia ilitoa kanuni za wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2013. Kuwait ilipitisha sheria ya wafanyakazi hao mwaka 2015, yenye kikomo cha saa 12 za kazi kwa siku, siku ya mapumziko kila wiki na likizo ya siku 30 yenye malipo. Qatar na Falme za Kiarabu zilifuata mwaka 2017, na Januari 2020 Qatar iliondoa sharti la mfanyakazi wa nyumbani kuomba kibali cha mwajiri ili atoke nchini. Lakini Saudi Arabia ilipolegeza masharti ya kubadili mwajiri mwezi Machi 2021, wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya mabadiliko hayo. Sheria mpya ya kazi ya Oman ya mwaka 2023 nayo haikuwajumuisha. Kila mlango uliofunguka ulisukumwa kwa miaka, na palipolegezwa msukumo, wanawake hawa ndio waliosahauliwa kwanza.

Marufuku haigharimu kitu

Serikali ikibanwa na msiba, jibu lililo karibu ni kufunga safari. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2012, ikafanya tena 2014 na kufuta leseni za mawakala 930, kisha ikafungua mwaka 2017. Ethiopia ilifunga mwaka 2013 na kufungua 2018. Uganda ilisitisha safari za kwenda Saudi Arabia mwaka 2016, ikaziruhusu upya mwaka uliofuata.

Marufuku inatangazwa kwa siku moja, haihitaji fungu la bajeti, na inatuliza wananchi. Ndiyo maana wanasiasa wanaipenda. Lakini njaa haisikii tangazo. Mama wa watoto wawili aliyekwisha kuuza mbuzi ili apate pesa za pasipoti hatarudi nyumbani kwa sababu waziri amesema. Atatafuta njia ya panya: viza ya utalii, au safari inayozunguka kupitia nchi jirani. Akifika, jina lake haliko kwenye daftari la ubalozi wake wala la wakala yeyote mwenye leseni. Akipatwa na jambo, hakuna anayejua pa kuanzia kumtafuta.

Mtetezi anayeomba marufuku peke yake anaipa serikali njia ya kutoka chumbani. Anayeomba mambo mengine, yale yenye gharama na yenye kupimika, anaibakiza mezani.

Ufilipino: miaka 26

Tarehe 17 Machi 1995 Singapore ilimnyonga Flor Contemplacion, mfanyakazi wa nyumbani kutoka Ufilipino aliyehukumiwa kwa mauaji. Wafilipino wengi waliamini hakuwa na hatia na kwamba serikali yao haikumtetea. Maelfu waliingia barabarani. Mwezi Juni mwaka huohuo nchi ikawa na Sheria Namba 8042 kuhusu wafanyakazi walio ng'ambo.

Vuguvugu lile lingeweza kuishia pale, kwa sheria na sherehe ya kuitia saini. Halikuishia pale. Mwaka 1996 kiliundwa chombo kilichoitwa Migrante International, kikiwaunganisha wafanyakazi wenyewe na familia zao. Kuanzia mwishoni mwa 2006 serikali iliweka kiwango cha chini cha mshahara cha dola 400 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayekwenda nje, na kupiga marufuku kumtoza ada ya kutafutiwa kazi. Mwaka 2010 sheria ya 1995 ilifanyiwa marekebisho. Mwaka 2012 nchi iliridhia Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu wafanyakazi wa nyumbani. Mwaka 2013 ikapitisha sheria ya wafanyakazi wa nyumbani walio ndani ya nchi yenyewe. Mwaka 2018, mwili wa Mfilipina ulipokutwa ndani ya friza mjini Kuwait, Manila ilisimamisha safari, lakini mara hii ilikuwa na orodha ya madai tayari. Mei mwaka huo Kuwait ilitia saini makubaliano yanayokataza waajiri kushika pasipoti za wafanyakazi na kuwanyang'anya simu. Desemba 2021 ikaundwa wizara kamili ya wafanyakazi walio ng'ambo.

Wafilipina bado wanateswa, na hakuna anayesema vinginevyo. Lakini kutoka 1995 hadi 2021 ni miaka 26, chini ya marais watano, na kila msiba ulikuta kazi ya msiba uliopita imehifadhiwa. Madai ya 2018 hayakuandikwa mwaka 2018. Yalikuwa kwenye mafaili, yamekwisha kujadiliwa, yamepigwa msasa na watu walioyajua kwa majina na kwa miaka.

Wenye shida wawe wenye hoja

Watu hao walikuwa akina nani? Hapa ndipo kiini cha jambo lote. Waziri hubadilishwa. Mbunge mwenye moyo hushindwa uchaguzi. Mfadhili hubadilisha vipaumbele, na afisa mwelewa wa ubalozi huhamishwa. Asiyeweza kuhama kwenye suala hili ni mwanamke aliyelipitia, na dada yake anayejiandaa kulipitia.

Mkataba Namba 189 ni ushahidi. Kwa miongo mingi wafanyakazi wa nyumbani waliambiwa kwamba kazi yao haiwezi kuwekewa kiwango cha kimataifa kwa kuwa inafanyika ndani ya familia. Wakaanza kukutana, nchi kwa nchi, wakaunda mtandao wao wa dunia, wakaenda Geneva kuzungumza na wajumbe ana kwa ana. Mwenyekiti wao, Myrtle Witbooi wa Afrika Kusini, alikuwa amefanya kazi ya ndani Cape Town enzi za ubaguzi wa rangi. Tarehe 16 Juni 2011 kura zikapigwa: 396 za kukubali, 16 za kukataa, 63 hazikuegemea upande. Uruguay ikaridhia kwanza, Ufilipino ikawa ya pili, na mkataba ukaanza kutumika Septemba 2013. Mwezi uliofuata mtandao ule uligeuzwa kuwa shirikisho kamili mjini Montevideo, na Witbooi akachaguliwa rais. Aliifanya kazi hiyo hadi alipofariki Januari 2023.

Kwetu sisi vyombo vipo. KUDHEIHA ya Kenya na CHODAWU ya Tanzania, Bara na Zanzibar, ni vyama vya wafanyakazi vinavyoandikisha wafanyakazi wa nyumbani. Tatizo ni kwamba vikao vingi vya kujadili uhamaji wa wafanyakazi huwaita wanawake hawa dakika za mwisho, watoe ushuhuda, walie kidogo, wapigwe picha, kisha wapewe nauli. Hoja huandikwa na wengine. Mwanamke aliyekaa Dammam miaka miwili anajua mambo ambayo mtaalamu hayajui: kwamba namba ya dharura ya ubalozi haina maana kama simu imechukuliwa siku ya kwanza, kwamba mkataba wa Kiarabu aliotia saini uwanjani haufanani na ule wa Kiingereza aliosomewa Nairobi, kwamba ofisi ya wakala wa kule, wanayoiita maktab, inaweza kuwa mahali pa kufungiwa kuliko pa kukimbilia. Kila moja ya hayo ni kifungu cha sheria kinachosubiri kuandikwa. Mwiteni tangu rasimu ya kwanza, na mlipeni siku yake kama mnavyomlipa mshauri.

Faili

Fikiria simu inayoingia usiku kwa mratibu wa chama, sauti ya chini kutoka bafuni.

"Dada, nisaidie. Wamenifungia."

"Nimekusikia, dada yangu. Usiogope. Uko mji gani?"

"Sijui. Walinichukua uwanja wa ndege wa Riyadh, tukaendesha gari saa nyingi."

"Kuna jengo unaloliona dirishani? Msikiti, duka, bango?"

Mratibu mzoefu hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Anamtuliza mtu, na anajaza faili. Jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti. Namba ya pasipoti. Wakala wa nyumbani na wakala wa kule. Jina na simu ya kafili. Tarehe ya kufika. Miezi ambayo hajalipwa. Alama ya mahali alipo, ikiwa simu inaweza kuituma kwa WhatsApp. Picha ya mkataba, ikiwa anayo. Kisha kila hatua inayofuata na tarehe yake: lini ubalozi ulijulishwa, nani alipokea, alijibu nini.

Faili moja humwokoa mtu mmoja, Mungu akijalia. Mafaili mia mbili yaliyopangwa vizuri ni jambo lingine. Yanaonyesha kwamba wakala fulani anajitokeza mara kumi na tisa. Yanaonyesha kwamba ubalozi fulani hujibu baada ya wiki tatu. Yanaonyesha kwamba malalamiko makubwa si kipigo, kama vichwa vya habari vinavyodhani, bali mshahara, na kwamba kipigo hufuata mfanyakazi akiudai. Mbele ya kamati ya bunge, kisa kimoja cha kutisha kitajibiwa kuwa ni bahati mbaya. Mpangilio wa visa mia mbili hauna jibu jepesi.

Faili pia ndilo linalorithiwa. Mratibu akihama au akichoka, anayekuja hakuti kumbukumbu za watu tu, anakuta ushahidi. Hifadhini kwa ridhaa ya wahusika, kwa usiri, na katika nakala zaidi ya moja.

Dai linalohesabika

"Haki kwa wanawake wahamiaji" ni kauli ambayo waziri yeyote ataiunga mkono jukwaani, kwa kuwa haimlazimishi kufanya lolote kesho. Dai linalodumu lina tarakimu na lina mwenye kuwajibika. Maafisa wa kazi wangapi wako katika ubalozi wa Riyadh, na wangapi kati yao ni wanawake? Kuna nyumba salama? Fungu lake liko ukurasa gani wa bajeti? Kila makubaliano kati ya nchi yetu na nchi ya Ghuba yamechapishwa, au yamefichwa droo ya wizara? Kifo kikitokea, nani analipia uchunguzi huru wa mwili?

Maswali hayo yana msimu wake. Kenya, makadirio ya bajeti hufika bungeni mwisho wa Aprili. Tanzania, Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi Juni. Ibara ya 119 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake hupokea ripoti za nchi kwa zamu, na tangu 2008 ina pendekezo mahususi, namba 26, kuhusu wanawake wafanyakazi wahamiaji. Chama chenye kalenda hii ukutani hakisubiri msiba ili kipate cha kufanya. Kina kazi ya Februari, ya Aprili, ya Septemba.

Tusijidanganye kuhusu upinzani. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, na Saudi Arabia ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha hizo. Uwakala wa ajira ni biashara nono, na ripoti ile ya The New York Times ya Machi 2025 ilieleza kwamba watu wenye vyeo na uhusiano wa kisiasa, Kenya na Uganda, wana maslahi ndani yake. Anayetunga kanuni akiwa pia mwenye hisa, hisani yake haitoshi. Ndiyo sababu dai la daftari la wazi la wamiliki wa mawakala wote lisikosekane kwenye orodha.

Mkuki kwa nguruwe

Kuna swali ambalo mjumbe wetu akikaa mezani na wenzake wa Ghuba linamfuata hata lisipotamkwa: na nyinyi kwenu, mnamlipa mfanyakazi wa nyumbani kiasi gani?

Tujibu kwa ukweli. Tanzania Bara, amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida. Nyumba nyingi za Mikocheni na Kileleshwa, za Nyali na Mbezi, zina dada anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, bila mkataba, bila siku ya mapumziko anayoijua, akila kila mtu akishamaliza kula. Miaka kumi tangu Mkataba Namba 189 uanze kutumika, Kenya na Tanzania zilikuwa bado hazijauridhia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Utetezi unaoanzia Jeddah na kuruka Nairobi hauna miguu. Ufilipino ilipata nguvu ya kuzungumza na Kuwait kwa sauti kubwa zaidi baada ya kuweka sheria ya dada wa kazi wa Manila. Na wanaoondoka huondoka kwa sababu ya kinacholipwa hapa. Kupandisha hadhi ya kazi ya nyumbani hapa kunampa mwanamke nafasi ya kukataa mkataba mbaya wa kule, na hakuna ulinzi unaouzidi uwezo wa kukataa.

Pesa na pumzi

Mradi wa kawaida wa mfadhili una miaka miwili au mitatu. Sera, tumeona, ina 26. Shirika linaloishi kwa mradi mmoja hulazimika kuacha suala katikati, ofisi inafungwa, na mafaili yanabaki kwenye kompyuta ya mtu aliyepata kazi kwingine. Michango ya wanachama, hata iwe midogo, hata itumwe kwa M-Pesa kwa awamu, ndiyo fedha pekee isiyo na tarehe ya mwisho. Ndiyo pia inayompa mwanachama haki ya kuuliza kiongozi wake: umefika wapi na lile jambo letu?

Na watu wanachoka. Anayepokea simu za usiku mwaka mzima, na mara nyingine kupokea jeneza mizigo ya ndege inaposhushwa, anahitaji zamu, likizo na mtu wa kuzungumza naye. Chama kinachodai siku ya mapumziko kwa wafanyakazi wa ndani kiwape mapumziko waratibu wake pia. Vinginevyo kitawapoteza wale waliobeba kumbukumbu yake.

Basi fanya hivi, wewe unayesoma, hata kama huna ndugu Ghuba. Kama una mfanyakazi nyumbani, andika naye mkataba mwezi huu, na mtajie chama chake kwa jina. Mwandikie mbunge wako maswali matatu tu: maafisa wangapi wa kazi, nyumba salama ngapi, bajeti kiasi gani. Tunza jibu lake. Kama hajajibu, tunza tarehe uliyomwandikia. Mwaka ujao, wakati hakuna msiba kwenye habari na kila mtu anazungumza mambo mengine, muulize tena maswali yaleyale, na uyalinganishe majibu. Siku watu elfu kumi watakapofanya hivyo miaka mitano mfululizo, wizara itakuwa na sababu ya kuwa na majibu kabla ya kuulizwa.